Kabla Hamjapaka Rangi Ukuta wa Pawahausi

Wanangu wa kikundi cha kuchomelea,

Juzi nilipita pale mkiwa mnashusha makopo ya rangi. Mlinisalimia vizuri, shikamoo bibi, mmoja baada ya mwingine, nikaitikia marahaba mpaka mdomo ukachoka. Kisha yule binti yenu mwenye miwani ya kuchomelea kichwani akaniuliza, "Bibi, eti hili godauni lilikuwa la nini zamani?" Godauni! Nilimjibu kwa mkato nikaondoka, na najua mlisemezana kwamba bibi huyu ana hasira. Ninazo, tena za kutosha, lakini si za kwenu ninyi.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nasimama. Naanza kupepeta mchele, nauacha kwenye ungo kuku wanajilia. Hata haya naandika nikiwa nimesimama, daftari likiwa juu ya cherehani, kwa sababu nikikaa tu miguu inanituma nikaangalie kama mmeshaanza kupaka. Basi nisikilizeni kwanza. Kwenye ukuta wa mbele, chini ya kibaraza, upande wa kulia wa mlango mkubwa, kuna mistari myeusi, na kila mstari una jina. Mmeiona, maana kuna aliyeikwangua kwa kucha, nimeona alama. Jina la chini kabisa ni uongo. Nataka lirekebishwe kabla hamjalifunika, na wa kulirekebisha ni mimi, kwa sababu aliyefaidika na uongo huo ni mimi.

Sasa, lile si godauni. Lile ni pawahausi. Ndani yake ulikuwa unatengenezwa umeme wa mji mzima wa Ifakara, kwa dizeli, kabla laini ya gridi haijatufikia. Wazee walinisimulia kwamba lilijengwa na wageni waliokuwa na kinu cha kukoboa mpunga, na kwamba mashine ya kwanza ilivutwa na trekta kutoka Kidatu kwenye matope, ikakwama Mkula siku nyingi, wanakijiji wakawa wanaanika nguo juu yake. Baadaye kinu kikafa, serikali ikachukua jengo, zikaongezwa mashine mbili. Mimi nilipoingia, miaka ile ya tisini ilipokuwa inaanza, kati ya tatu ilikuwa inafanya kazi moja. Nyingine mbili zilikuwa zinatolewa vipuri kuilisha hiyo moja. Na jambo lililokuwa linatuuma ni kwamba Kidatu, hapo juu tu ya barabara, maji yalikuwa yanazungusha mitambo mikubwa, umeme unapita kwenye nguzo ndefu kwenda mijini huko, na sisi tumebaki tunahesabu mapipa ya dizeli.

Zile kuta mnazozigonga kwa nyundo mkishangaa unene wake, zilifanywa nene kwa sababu ya mtikisiko. Yale madirisha marefu yalikuwa ya kutoa joto. Na lile shimo mlilolifunika kwa mbao, ambalo nasikia mnatupia takataka, ndimo lilimokuwa linazunguka gurudumu zito la mashine. Tafadhalini, toeni takataka.

Niliajiriwa kufagia. Nilikuwa kibarua, mwanamke peke yangu, nimetoka Mahenge kwa ndoa nikakaa Lipangalala. Aliyenitoa kwenye ufagio ni Mzee Kasian. Huyu alikuwa Mndamba, mwembamba, kiongozi wa zamu yetu, na alikuwa ameishi na zile mashine tangu ujana wake. Siku moja aliniona nimesimama na ufagio, nimeinamisha kichwa.

"Unasikiliza nini?" akaniuliza kwa ishara, maana mle ndani hatukuongea, tulipunga mikono.

Nikamwonesha silinda ya tatu. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma, mpini akauweka sikioni. Akasikiliza. Akanipa na mimi nisikilize. Ilikuwa inagonga kidogo, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Jioni ile akaniambia ufagio niuache pale pale nilipouegemeza, na kesho yake akaniwekea kitabu cha zamu mikononi, niwe naandika joto na shinikizo kila saa.

Alikuwa na mambo yake. Alikuwa anaweka kikombe cha bati chenye chai ya rangi juu ya kifuniko cha mashine, haonji, anaitazama tu. Mashine ikiwa nzima, chai inatengeneza miduara midogo iliyotulia katikati. Ikianza kuumwa, miduara inakimbilia upande mmoja. Wataalamu walikuja na vipimo vyao vya mshale, wakapima asubuhi nzima, wakatuambia kile kile ambacho chai ilikuwa imetuambia saa moja asubuhi. Halafu Mzee akainywa, imepoa, na mafuta ya dizeli juu.

Kazi ile ilituharibu masikio na ikatuharibu sauti. Nilikuwa narudi nyumbani namwambia mume wangu chakula tayari, naye anaruka kitini. "Mama Gaudensia, mbona unanifokea?" Sikuwa nafoka, ndiyo sauti iliyobaki. Lakini Mzee Kasian alituzidi wote. Kanisani, siku za kuungama, alikuwa anaingia kwa padri anapiga magoti, anadhani ananong'ona. Foleni nzima nje ilikuwa inasikia. Tulijua alivyomkaripia mkwewe, tulijua alivyokata kipande cha mnofu kwenye chungu cha sikukuu kabla wageni hawajafika. Akitoka, watu wanatazama dari. Mtu yule hakuweza kuficha dhambi yake hata moja. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Nije kwenye ukuta.

Mto Lumemo mnaujua. Mvua zikinyesha kule milimani, hapa jua linawaka, kesho yake mto umeshaingia uani kwako. Pawahausi ilijengwa mahali palipoinuka kidogo, lakini si pa kutosha. Ikawa desturi ya wafanyakazi wa pale, tangu enzi za kinu, kwamba mafuriko yakifika kibarazani, aliyekuwa zamu anasubiri mpaka maji yasimame. Yakisimama anachovya kidole kwenye oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye mashine, anachora mstari pale maji yaliposimamia, na anaandika jina lake. Aliyekimbia haandiki. Ndiyo maana majina ni machache kuliko mafuriko.

Mstari muhimu kuliko yote ulikuwa wa Benitho. Sikumwona kwa macho, alishakufa nilipoanza. Nyaya kubwa zilikuwa zinatoka nje ya jengo kupitia bomba lililofukiwa chini ya kibaraza, mdomo wake wa nje umeinuliwa kimo cha goti, na ndani zinapita kwenye mfereji uliofunikwa kwa mabamba ya chuma mpaka chini ya jenereta. Maji yakifika kimo fulani nje, yanaingia kwenye lile bomba na kujaza mfereji, na wewe uliye ndani, kwa kuwa sakafu iko juu zaidi, huoni kitu, unaona mabamba makavu tu. Benitho hakuyajua hayo. Aliendelea kuendesha. Nyaya zikalipuka chini ya miguu yake, na mji ukakaa gizani miezi minne. Maji yalisimama pale pale yalipoingilia. Benitho akachovya kidole, akachora, akaandika jina lake mwenyewe kwenye kosa lake mwenyewe, ili anayekuja nyuma asirudie. Kuanzia hapo ikawa sheria yetu: maji yakiwa chini ya Benitho, endesha, hata kama unatetemeka. Yakimgusa Benitho, zima.

Mstari wa juu kabisa ni wa Kasian. Ni wa ujana wake. Maji yalipomgusa Benitho alizima, halafu akapanda juu ya boriti ya paa na kukaa huko na mkate mmoja mpaka maji yaliposimama, kwa sababu hakutaka ukuta ukose jina.

Na ukuta huo niliufuta mimi.

Tulikuwa na mkuu wa kituo, Bwana Shomari, mtu wa pwani, msafi sana, viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata masika. Ikaja taarifa kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja kukagua. Bwana Shomari akatazama ukuta wa mbele, akaona mistari ya oili, akasikitika kabisa. "Daria," akaniambia, "huu uchafu wa vidole vya watu tutauonesha kwa mgeni? Pakeni chokaa." Mzee Kasian alikuwa likizo. Ningeweza kusema tumngoje. Lakini mimi nilikuwa bado kibarua, nilikuwa nangoja barua ya ajira ya kudumu, na mkuu ndiye wa kuipendekeza. Nikachukua brashi. Nilipaka mikono mitatu, kwa sababu oili ilikuwa inajitokeza kila chokaa ikikauka. Nilichuchumaa pale kwa Benitho nikapiga brashi mpaka akaisha, na nakiri kwenu, nilikuwa naimba.

Mzee aliporudi kutoka likizo alisimama mbele ya ule weupe muda mrefu. Halafu alinigombeza, kwa sauti ile ya pawahausi, mbele ya watu wa dukani ng'ambo, siku tatu mfululizo. Siku ya nne ghadhabu ikampungua. Akaniita, "Daria, njoo nikuoneshe kwa kidole Benitho alikuwa wapi. Mimi napajua hata nikifumba macho."

Nikamwambia, "Kesho, Mzee. Nina kazi."

Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimenuna. Nilitaka na yeye asubiri kidogo, aone inavyouma kuaibishwa. Alitaka kuchora upya, Bwana Shomari akakataa mpaka mgeni apite. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Ukuta ukawa unalindwa, hata kuuegemea hatukuruhusiwa, wala baiskeli isiguse. Mgeni yule mpaka leo hajafika, na kama yuko hai mwambieni chokaa imepauka.

Mvua ndiyo iliyofika.

Ilikuwa asubuhi. Zamu ilikuwa ya Mzee Kasian na mimi, lakini alituma neno kwamba atachelewa, anapandisha magunia ya mpunga darini, maji yameingia kwake Lipangalala. Mwenzetu wa tatu alikwenda kwenye nguzo iliyoanguka. Bwana Shomari alikuwa safarini. Nikabaki mimi na mashine. Kuiwasha asubuhi ile kulinisumbua. Mashine zile ziliwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi, nami nilijaribu mara tatu ndipo ikakubali, na mshale wa mtungi ukalala chini kabisa. Kwa hiyo nilijua kwamba nikizima, siwashi tena leo. Kile kijimashine cha kujaza hewa kilikuwa kwenye banda la nje, na banda lilishaingia maji.

Kwenye saa nne maji yakapanda kibarazani. Simu ikalia, ile ya kuzungusha. Alikuwa muuguzi kutoka hospitalini.

"Dada, tuna mama mezani, anafanyiwa upasuaji wa kujifungua. Msizime mpaka tuwaambie. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka," nikamjibu. "Sizimi."

Nikatoka kibarazani. Maji yalikuwa yananifika kwenye kifundo cha mguu. Nikautazama ukuta. Mweupe. Nilijaribu kukumbuka nilivyochuchumaa na brashi, mkono wangu ulikuwa wapi, goti langu lilikuwa wapi. Unajua mambo ambayo umeyaona kila siku kwa miaka, ukiambiwa uyaoneshe unashindwa? Nilisema ni hapa. Hapana, ni hapa. Nikakwangua chokaa kwa kucha, kwa funguo, nikakuta doa, kumbe ni kivuli changu. Nikarudi ndani. Nikatoka. Nikarudi. Maji yakafika katikati ya muundi. Nikawaza nyaya zikilipuka, mashine ya mwisho tuliyo nayo, mji gizani miezi, pampu ya maji ya bomba imesimama, na jina langu kwenye midomo ya watu.

Ndipo nikasikia kitu chini ya mabamba. Kilikuwa kinabubujika. Niliinama nikaweka sikio kwenye chuma, mashine inanguruma, na chini yake nikasikia wazi kabisa, kunabubujika. Nikasema maji yameshaingia, Benitho ameshapita. Nikavuta swichi kuu, nikakata mafuta, na mashine ikaanza kupungua, ikapungua, ikanyamaza.

Hamjawahi kusikia kimya cha namna ile. Simu ikalia. Sikuipokea.

Mzee Kasian aliingia muda mfupi baadaye, ameloa mpaka kifuani, viatu vimefungwa shingoni. Alitazama mashine, akanitazama, akarudi kibarazani. Akaweka kidole ukutani, juu ya maji, pana nafasi ya wazi kabisa kati ya kidole na maji.

"Benitho yuko hapa," akasema. "Ilikuwa bado, Daria."

"Mzee, nimesikia maji kwenye mfereji."

Tukaleta mtaimbo tukainua bamba. Mfereji ulikuwa mkavu. Ulikuwa na vyura. Vyura tele, wamepita kwenye bomba wakikimbia mafuriko, wamejazana juu ya nyaya, wanakoroma. Niliuzima mji kwa sababu ya vyura.

Tulijaribu kuwasha. Mtungi ukatoa pumzi moja, gurudumu likazunguka nusu, basi. Mzee alikaa juu ya ngazi ya mashine akajifuta uso. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Hospitalini walimaliza kazi yao kwa tochi na karabai. Mama alipona, na mtoto wake alipona, namshukuru Mungu kila ninapolitaja. Mama yule anauza perege sokoni mpaka leo. Nikimwona nanunua, hata kama nyumbani nina samaki wa siku mbili. Hajui kwa nini mimi ni mteja mzuri hivi.

Maji yalisimama alasiri, vidole vinne chini ya mahali Mzee alipopaonesha. Alichovya kidole kwenye oili chafu akachora mstari kwenye ule weupe wa Bwana Shomari. Nikasogea niandike jina langu. Nilikuwa nalia, lakini nilisogea. Akanisukuma kwa kiwiko, akaandika KASIAN.

"Mzee, mbona jina lako?"

"Zamu ya nani kwenye kitabu?"

"Yako, lakini aliyezima ni mimi."

"Zamu ni yangu," akasema. "Nenda nyumbani kaangalie wanao."

Mnatakiwa kujua kilichokuwa kinaendelea miaka ile. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini kila mahali, mashirika yanafungwa, na sisi tulijua kuna orodha inaandaliwa. Barua kali ilitoka hospitalini, na ilikuwa haki yao. Bwana Shomari alirudi, akasoma barua, akaona na ukuta wake umechorwa. Akatuita wote. "Nani aliyezima?" Mzee Kasian akasema, "Mimi. Niliogopa maji." Alisema kwa ile sauti yake, walisikia hadi barabarani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo, wanangu, niliufungua kabisa. Nikaufunga.

Mtu ambaye hakuweza kumficha padri kipande cha nyama, aliificha dhambi yangu.

Siku alipopewa barua ya kupunguzwa nilimfuata nje. Nilimwambia nitasema. Alikuwa anafungasha bisibisi yake na kikombe cha bati kwenye kanga ya mkewe. Akaniambia, "Mimi nina shamba Mkula na masikio yameshakufa. Wewe unasikia. Nani atawasikilizia mashine hii nikiondoka na wewe ukiondoka?" Halafu akanipa bisibisi. Kikombe hakunipa, alikipenda mno. Mwezi uliofuata nikapata barua yangu ya ajira ya kudumu, na Bwana Shomari akanipa mkono.

Nilifanya kazi vizuri. Sijisifu, ila mashine ile niliiweka hai mpaka siku laini ya gridi ilipotufikia na sote tukaambiwa tuzime kwa mara ya mwisho. Niliwafundisha waliokuja nyuma kusikiliza, niliwafundisha chai. Kama Mzee alikuwa ananiona kwenye hesabu zake, basi hesabu yake ilikwenda sawa. Lakini kuna jambo moja hakulihesabu. Chokaa haiwezi kuizuia oili chafu. Haukupita mwaka, mistari ya zamani ikaanza kujitokeza, ya kahawia kwanza, halafu nyeusi. Benitho akarudi. Na vidole vinne chini yake, mbele ya kila anayeingia kazini, KASIAN. Yeyote aliyefundishwa sheria yetu na kusikia habari za giza la siku ile aliweza kusoma pale kwamba huyu alizima kabla ya wakati.

Siku moja vijana wapya wawili walikuwa wanakula mihogo kibarazani. Mmoja akaoneshea mstari wa juu na wa chini. "Huyu mzee ujanani alikuwa dume, uzeeni akakimbia vyura." Ile habari ya vyura ilikuwa imezagaa. Wakacheka. Wakanitazama mimi mkubwa wao.

Nami nilicheka.

Hapo ndipo panaponisimamisha kitini mpaka leo. Kwa kunyamaza mbele ya Bwana Shomari naweza kujitetea, nilikuwa na watoto, Mzee mwenyewe alitaka. Kicheko kile sina utetezi nacho. Mzee alikuwa hai wakati ule, Mkula, analima mpunga. Nilimpelekea sukari mara mbili kwa mwaka na sikuwahi kumwambia kwamba nilicheka. Alikufa kabla jengo halijafungwa. Tangu walipolifunga nimekwenda mara nyingi na kopo langu la oili chafu, nikakuta kufuli, mlinzi, majani yamefika kiunoni. Na siku ambayo hapakuwa na kufuli wala mlinzi, nilikuta miguu yangu inageuza njia, nikajiambia kesho. Mnaona neno lenyewe ni lile lile.

Sasa mmepewa jengo, na mmenunua rangi ya mafuta, ya buluu. Sina ugomvi na buluu. Chomeleeni mageti yenu, pigeni nyundo, zile kuta zimezoea kelele na zitafurahi. Ninachoomba ni asubuhi moja. Jumamosi nitakuja na bisibisi na kopo la oili chafu, nimeiomba kwa fundi wa trekta pale Lumemo. Mstari wa juu msiuguse, ule ni wake kwa haki. Wa chini nitafuta jina lake na kuandika langu, kwa kidole, kama Benitho. Herufi ni tano tu.

Mkitaka kucheka mtakaponiona nachuchumaa pale, chekeni, mradi mnajua mnamcheka nani. Nikimaliza pakeni rangi yenu hata mikono mitatu. Nami niliwahi kupaka mitatu. Mwaka ujao mje mtazame.

Bibi yenu,
Daria